Karatasi ya ‘sitahusika’ kabla ndoo haijaingia ndani

JUMAMOSI asubuhi msafishaji anabisha hodi, ndoo mkono mmoja, dekio mkono wa pili. Kabla ya kuvua ndala anatoa karatasi: “Dada, naomba usaini hapa kwanza.” Imeandikwa kwamba hatahusika na upotevu, uharibifu au madhara yoyote. Mwenye nyumba, mtoto mgongoni, anasaini bila kusoma. Kufika saa sita mchana televisheni iko sakafuni, kioo kimepasuka, na ugomvi umeanza.

Anayefanya usafi wa nyumba kwa kujitegemea ana sababu ya kuwa na karatasi hiyo. Hana kampuni nyuma yake, na malipo yake ya siku hayakaribii bei ya televisheni. Kosa moja linaweza kumeza mtaji wake pamoja na ada ya watoto wake. Huo si ujanja.

Tatizo ni neno “yoyote”. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yafanywe kwa hiari na kwa lengo halali. Saini ya mlangoni haigeuzi wizi kuwa bahati mbaya. Tena mtoto wa miaka minne atakayeteleza kwenye sakafu mbichi hajasaini chochote. Akivunjika mkono, mama yake hatatulizwa na karatasi.

Karatasi yenye maana hutaja vitu kwa majina. Dhahabu, fedha na simu vitolewe njiani kabla ya kazi. Kabati lenye ufa lipigwe picha, wote wawili wakiangalia. Televisheni ya ukutani isiguswe, au mwenye nyumba mwenyewe aifute. La muhimu kuliko yote, ijulikane nani ameleta dawa za kusafishia. Mwenye nyumba akitoa siki na kuagiza ifute kaunta ya marumaru halisi, asidi italila jiwe na mng’ao utapotea. Haitakuwa haki kumdai msafishaji aliyetii agizo. Lakini msafishaji akija na dawa yake na kuimwaga bila kuuliza, hapo mzigo ni wake.

Dawa ya kung’arisha nguo ya klorini ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Wapo pia wanaopunguza dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, kisha chupa inabaki chini ya sinki, kimo cha mtoto anayetambaa. Haya hayaandikiwi msamaha. Yanakatazwa mapema, kwa mdomo na kwa maandishi.

Upande wa pili husahaulika. Msafishaji akianguka kwenye ngazi nani atamtibu? Mwajiriwa wa kampuni iliyosajiliwa ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayejitegemea hana mwajiri wa kumchangia. Mwenye nyumba anayejua kuwa swichi ya jikoni inapiga shoti, akanyamaza, halafu akamtaka mwenzake asaini kwamba akiumia ni shauri lake, amefanya jambo baya hata kama saini ipo.

Si lazima yote haya yawe kwenye karatasi yenye muhuri. Ujumbe wa WhatsApp uliotumwa jana yake na kujibiwa “sawa, nimekubali” nao ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inautambua. Unasomwa kwa utulivu, si mlangoni mtoto akilia, na si dada wa kazi anayeachiwa kuujibu.

Ndani yake kiwe na kiasi. Kwa mfano, kitu kikivunjika kwa uzembe, msafishaji atalipa hadi malipo yake ya siku mbili, kilichozidi atabeba mwenye nyumba. Mwenye televisheni ya gharama anayeona kiasi hicho ni kidogo aseme usiku huo huo, kabla mwenzake hajapanda daladala.