Kijana wa Nyumbani Katika Daftari la Klabu

Ndugu msomaji, labda ulikuwamo miongoni mwa watu waliofika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, tarehe 13 Julai, 2017, kuitazama Everton ya Liverpool ikipambana na Gor Mahia ya Nairobi. Everton ilishinda kwa mabao 2 kwa 1. Bao la kwanza lilifungwa na Wayne Rooney kwa mkwaju wa mbali, na kelele za siku ile zilikuwa zake. Bao la ushindi lilitiwa wavuni na kijana ambaye wengi hawakulijua jina lake, Kieran Dowell. Jambo ambalo halikutajwa sana ni kwamba wafungaji wote wawili walikuwa watoto wa nyumbani, waliolelewa na Everton tangu utotoni. Rooney aliingia pale akiwa na umri wa miaka 9. Mwaka 2004, akiwa na miaka 18 tu, aliuzwa kwa Manchester United kwa zaidi ya paundi milioni 20, klabu yake ikiwa taabani kwa fedha. Na siku ile ya Dar es Salaam ndiyo kwanza alikuwa amerudi kwao baada ya miaka 13.

Mtoto wa nyumbani kuuzwa kwa sababu ya njaa si habari mpya, wala si ya Liverpool peke yake. Jambo jipya ni kwamba siku hizi huuzwa hata pale ambapo njaa haipo na tajiri amesimama mlangoni na fedha zake mkononi. Huuzwa kwa sababu sheria ya hesabu humfanya awe rahisi kuuzwa kuliko mwingine yeyote. Sheria hiyo ndiyo ninayotaka tuitazame leo, maana watu hubishana juu yake kila Jumatatu kazini na katika mabasi, na aghalabu wabishi wa pande zote mbili hawajui inavyohesabu.

Kwanza tuipe haki yake. Sheria haikutungwa kwa ukorofi. Klabu ya Portsmouth ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008 kwa wachezaji ambao haikuwa na uwezo wa kuwalipa. Februari 2010 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, ikiwa klabu ya kwanza kufikwa na hayo ndani ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ilinyang'anywa pointi 9, ikashuka daraja, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeporomoka hadi daraja la nne. Yaliyoifika Bury yalikuwa mazito zaidi. Klabu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1885, na iliyokuwa mwanachama wa Ligi tangu 1894, ilifukuzwa Agosti 2019 kwa kushindwa kuthibitisha kwamba inaweza kulipa madeni yake. Miezi michache tu kabla ya hapo ilikuwa imepanda daraja, huku wachezaji na watumishi wake wakikaa bila ya mshahara. Mfanyakazi yeyote anayesoma ukurasa huu anaelewa maana ya mwezi kwisha pasipo bahasha.

Basi mwaka 2013 vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana kwamba klabu isipate hasara ya zaidi ya paundi milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu, na kwamba sehemu kubwa ya hasara hiyo lazima ifidiwe na wenye klabu kwa mtaji wao wenyewe. Gharama za kulea vijana, za timu ya wanawake na za kujenga uwanja hazihesabiwi. Shabaha yake ilikuwa njema: mfadhili asije akaipandisha klabu juu ya paa, kisha akaondoka na ngazi.

Everton ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupigwa na rungu la sheria hiyo. Baada ya Farhad Moshiri kuingia mwaka 2016 fedha zilimwagwa kama maji ya bomba lililopasuka. Makocha walipishana mlangoni, Koeman, Allardyce, Silva, Ancelotti, Benítez, Lampard, na kila aliyeingia alitaka wachezaji wake. Wakati huo huo klabu ilikuwa ikijenga uwanja mpya kando ya bandari. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ilibidi isimamishe mikataba yake na makampuni ya tajiri Alisher Usmanov. Tume huru iliona kwamba hasara yake ya miaka mitatu hadi 2022 ilifikia paundi milioni 124.5, yaani milioni 19.5 juu ya kiwango. Tarehe 17 Novemba, 2023, ikanyang'anywa pointi 10. Rufani ilizipunguza kuwa 6 Februari 2024, lakini Aprili zikakatwa nyingine 2 kwa hesabu za kipindi kilichofuata.

Siku tisa baada ya adhabu ya kwanza, washabiki wa Everton walijaa uwanjani kwao, Goodison Park, wakainua kadi za rangi ya waridi zilizoituhumu Ligi kuwa imeoza. Sitachukua upande wao wote, kwani klabu yao ilivunja sheria ambayo yenyewe iliikubali. Lakini lipo neno lao moja ambalo siwezi kulipuuza. Manchester City ilikuwa imekwisha shitakiwa Februari 2023 kwa makosa zaidi ya 100, ambayo iliyakana, na shauri lake halikuanza kusikilizwa hadi Septemba 2024, wakati Everton ilikuwa imekwisha kuhukumiwa mara mbili na kutumikia adhabu. Shauri la milioni 19 ni jepesi kulisikiliza kuliko shauri la mambo 100, hilo kweli. Hata hivyo, aliyeketi jukwaani na tiketi yake aliyoinunua kwa mshahara wa karakana haoni wepesi wa shauri, huona tu nani ameadhibiwa na nani bado. Tena pointi ni za timu na za watu wake. Waliotia sahihi mikataba ile hawakukatwa hata moja.

Hayo yalisemwa sana. Lililosemwa kidogo ni lile la watoto wa nyumbani, na ili kulielewa hatuna budi tuingie ofisini kwa mhasibu.

Chukua familia inayonunua cherehani kwa shilingi laki tano, ikitazamia kuitumia kwa miaka mitano. Mwenye kuweka hesabu vizuri hataandika kwamba mwaka wa kwanza ametumia laki tano zote. Ataandika laki moja kwa kila mwaka. Vilabu navyo hufanya vivyo hivyo kwa mchezaji wa kununua. Akinunuliwa kwa paundi milioni 50 kwa mkataba wa miaka mitano, daftari huandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu zinabaki milioni 20 ambazo hazijafutwa. Akiuzwa siku hiyo kwa milioni 40, faida inayoandikwa ni milioni 20 tu.

Sasa mtazame yule aliyeletwa na babaye akiwa na miaka minane. Huyu hakununuliwa. Ni kama mwembe uliomea wenyewe uani, hauna bei ya kununulia. Fedha za kocha wake, za viatu vyake na za nauli yake zilikwisha kulipwa mwaka hadi mwaka, na sheria yenyewe, kama tulivyoona, haizihesabu. Akiuzwa kwa milioni 40, basi milioni zote 40 huandikwa kuwa faida, tena kwa mara moja, mwaka ule ule. Kwa hiyo klabu iliyokaribia mpaka inaweza kuwa na wachezaji wawili wenye bei sawa sokoni, na daftari likaishauri imwuze mwana na imbakize mgeni. Mhasibu hana kosa, anaweka hesabu kama alivyofundishwa. Lakini utakaokatwa mbao ni mwembe, na cherehani itabaki sebuleni.

Everton yenyewe ilimwuza Anthony Gordon kwa Newcastle Januari 2023, kwa paundi zipatazo milioni 40. Alikuwa mzaliwa wa Liverpool, aliyekuwa na klabu hiyo tangu akiwa na miaka 11. Ni kweli kwamba mwenyewe alitaka kuondoka. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Nottingham Forest.

Brennan Johnson alizaliwa Nottingham. Baba yake aliichezea Forest, na yeye aliingia katika timu ya watoto akiwa na umri wa miaka 8. Alikuwa mmoja wa vijana walioirudisha klabu hiyo katika Ligi Kuu mwaka 2022 baada ya miaka 23. Kwa furaha ya kupanda, Forest ilinunua wachezaji zaidi ya 20 katika kiangazi kimoja, idadi inayotosha kuunda timu mbili zichezane zenyewe. Na kwa kuwa miaka miwili katika ile mitatu iliyohesabiwa ilikuwa ya daraja la chini, hasara iliyoruhusiwa kwake haikuwa milioni 105 bali milioni 61. Hesabu zilikuwa zifungwe tarehe 30 Juni, 2023. Ilijulikana kwamba pasipo kumwuza Johnson kabla ya tarehe hiyo mpaka ungevukwa. Forest ilingoja bei nzuri, ikamwuza kwa Tottenham tarehe 1 Septemba kwa paundi zilizotajwa kuwa milioni 47.5, juu ya zile zilizotangulia kutolewa na wengine. Mbele ya tume ilijitetea kwamba kumtoa Juni kwa bei ya chini kungalikuwa kinyume cha shabaha ya sheria yenyewe, ambayo ni kuzifanya klabu ziwe imara kifedha. Tume haikukubali. Hasara ilikuwa imezidi kwa paundi milioni 34.5, na Machi 2024 Forest ikakatwa pointi 4.

Kwa haki ya sheria, naona tume haikukosea. Mwenye nyumba hapokei kodi ya Juni mwezi wa Septemba, hata kama mpangaji ameongeza kidogo. Lakini tazama, msomaji, mabishano yenyewe yalivyokuwa. Walibishana juu ya siku ya kumwuza Johnson, hawakubishana kama auzwe. Wale zaidi ya 20 walioletwa kwa mkupuo, ambao ndio waliolifungua shimo, hawakuwa na thamani daftarini ya kuliziba. Johnson alikwenda zake, na tarehe 21 Mei, 2025, mjini Bilbao, ndiye aliyepewa bao pekee la Tottenham dhidi ya Manchester United katika fainali ya Kombe la Europa.

Huenda ukafikiri kwamba hayo ni ya wenye shida. Newcastle si mwenye shida. Tangu Oktoba 2021 sehemu yake kubwa inamilikiwa na mfuko wa taifa wa Saudi Arabia, na hakuna klabu ya Uingereza yenye mwenye mali mkubwa kuliko huyo. Hata hivyo, katika siku za mwisho za Juni 2024, ilimwuza Elliot Anderson, kijana wa pale pale aliyelelewa katika timu zake za watoto. Ilimwuza kwa nani? Kwa Forest! Kocha Eddie Howe hakuficha kwamba hakupenda kumwachia. Fedha zilikuwapo tele, ila sheria haikuruhusu zitumike, na aliyeweza kuingiza faida tupu kabla ya tarehe 30 alikuwa yeye. Septemba 2025 Anderson alianza kuichezea timu ya taifa ya England, akiwa mchezaji wa Forest.

Chelsea ilipita njia zote. Iliwauza watoto wake, Mason Mount mwaka 2023 na Conor Gallagher mwaka 2024. Iliwapa wageni mikataba ya miaka zaidi ya 8, kama ile ya Enzo Fernández, ili bei ikatwe vipande vyembamba zaidi. Mlango huo ulifungwa mwaka 2023, na bei sasa haigawanywi kwa zaidi ya miaka mitano. Tena iliiuzia kampuni ndugu hoteli zake mbili zilizo kando ya uwanja kwa paundi milioni 76.5, jambo ambalo katika nyumba zetu tungeliita kutoa fedha mfuko wa kushoto na kuzitia mfuko wa kulia. Hoteli zilibaki pale pale zilipokuwa. Gallagher alikwenda Madrid.

Novemba 2025 vilabu vya Ligi Kuu vilipiga kura kuiacha sheria hiyo na kuweka nyingine kuanzia msimu wa 2026/27. Sheria mpya inasema kwamba gharama za kikosi zisizidi asilimia 85 ya mapato ya mpira yakijumlishwa na faida ya kuuza wachezaji. Kwa vilabu vinavyocheza mashindano ya Ulaya, UEFA imeweka asilimia 70. Ni kanuni inayoeleweka hata na mtu asiyesoma uhasibu, maana kila nyumba ya mshahara inajua kwamba kuna sehemu haiguswi. Lakini yale maneno ya faida ya kuuza wachezaji yamo bado, na faida ya kijana wa nyumbani itaendelea kuandikwa nzima nzima.

Kama ningeulizwa, ningelipendekeza jambo moja dogo. Gharama ya mgeni hugawanywa kwa miaka mitano. Na faida ya kumwuza mtoto wa nyumbani nayo igawanywe kwa miaka mitano vivyo hivyo. Hakuna klabu itakayonyimwa senti yake, wala kijana anayetaka kwenda kutafuta maisha kwingine hatafungwa kamba. Ila milioni 40 zake zingeingia daftarini milioni 8 kwa mwaka, na mkurugenzi aliyenunua watu 20 kwa kiangazi kimoja asingeweza kulifuta kosa lake kwa kumwuza mtoto mmoja tarehe 29 Juni.