Lukuledi: kibaba hujaa siku moja, huvuja miezi minane

Mkulima wa korosho wa Lukuledi, wilayani Masasi, hapati mshahara. Anapata msimu. Kati ya Oktoba na Januari korosho zake hupokelewa na chama cha msingi, husafirishwa hadi ghala kuu, hupigwa mnada na fedha huingia benki. Kwa siku moja anaweza kuwa na fedha nyingi kuliko mwalimu wa kijiji chake. Ifikapo Julai, mara nyingi huyo mwalimu ndiye anayemkopesha.

Jambo hili linafahamika sana, lakini wanaotoa mawaidha ya kuweka akiba hulisahau. Mtu anayetamani kuipeleka familia yake kutembea, iwe Kilwa Kisiwani kuona magofu, iwe Unguja kwa boti, au hata Makka kwa ajili ya hija, huambiwa aweke kidogo kidogo kila mwezi kwa sababu haba na haba hujaza kibaba. Ushauri huo ni mzuri kwa karani wa halmashauri. Kwa mkulima wa korosho umegeuzwa juu chini, kwa kuwa kibaba chake hujaa siku moja, kisha huvuja miezi minane. Kazi yake si kujaza bali ni kuziba.

Kibaba kinavujia wapi

Kalenda ya kijiji inaonyesha matundu yote. Desemba ni mwezi wa sherehe. Vijana wanatoka jandoni, wasichana wanatoka unyagoni, ngoma zinalia na kila mwenye fedha anatazamwa. Mjomba hawezi kukaa kimya wakati mpwa wake anachezwa. Januari huja na sare, madaftari na michango ya shule. Februari na Machi ni palizi ya mahindi na mihogo, chakula cha mwaka jana kikiwa kimepungua ghalani. Kuanzia Mei mikorosho hudai matunzo, yaani kufyeka, kupogolea na baadaye kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Mara nyingine pembejeo hutolewa kwa ruzuku, lakini mashine ya kupulizia, mafuta yake na vibarua bado hulipiwa fedha taslimu.

Julai na Agosti ndipo kangomba hubisha hodi. Huyu ni mfanyabiashara wa pembeni, anayekuja na fedha mkononi wakati korosho bado ni maua. Huinunua kwa bei ya kutupa, ilipwe wakati wa mavuno. Serikali imeupiga marufuku mtindo huo mara nyingi, na mwaka 2018 ilifanya msako mkali wa wahusika. Hata hivyo, kangomba hastawi kwa ujanja wake peke yake. Anastawi kwa sababu Julai nyumba nyingi hazina kitu, ingawa Novemba zilikuwa nacho.

Kwa hiyo, mkulima anayeweka akiba ya safari bila kinga dhidi ya Julai anamwekea kangomba. Fedha ya kutembea Unguja ikiliwa Aprili ni hasara moja. Ikiliwa Aprili na bado korosho zikauzwa Julai kwa bei ya kangomba, hasara ni mbili, na ya pili inaingia katika msimu unaofuata.

Safari ihesabiwe kwa kilo

Tatizo jingine ni bei. Mfanyakazi wa mshahara anajua mwezi ujao atapata kiasi gani. Mkulima hajui. Msimu wa 2017/18 bei ya mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu wa Masasi na Newala wakanunua pikipiki na bati. Msimu uliofuata wakulima walikataa bei za wanunuzi, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 huku jeshi likikabidhiwa kazi ya kuzisomba. Bei haikuwa mbaya, lakini wako waliosubiri malipo kwa miezi mingi. Msimu wa 2023/24 bei katika minada ilikuwa karibu na shilingi 2,000. Oktoba 2024 minada ya mwanzo ikarudi juu ya shilingi 4,000.

Katika hali hiyo, lengo la akiba linalotajwa kwa shilingi ni mtego. Tuchukue mfano wa familia iliyokadiria kwamba safari ya watu wanne itagharimu shilingi 1,200,000, na ikaamua kuweka shilingi 400,000 kila msimu kwa misimu mitatu. Bei ikiwa shilingi 4,000, akiba hiyo ni kilo 100. Bei ikishuka hadi 2,000, akiba ile ile ni kilo 200. Maana yake ni kwamba familia inabanwa mara mbili zaidi katika mwaka ambao tayari umeibana. Wengi huacha mwaka huo, na wakishaacha hawarudi.

Afadhali lengo litajwe kwa kilo. Familia ile ile ikiamua kutenga kilo 150 kila msimu, mwaka wa shilingi 4,000 itapata 600,000, mwaka wa 3,300 itapata 495,000 na mwaka wa 2,000 itapata 300,000. Jumla ni shilingi 1,395,000. Kiasi kinachozidi 1,200,000 kitameza makato, kwa kuwa bei ya mnadani si bei ya mfukoni, na nauli zikipanda kitasaidia pia. Kwa anayevuna kilo 900, hiyo ni kilo moja katika kila sita. Mwaka mzuri unachangia zaidi bila mtu kujisifu, na mwaka mbaya unachangia kidogo bila mtu kuona aibu.

Waliofanya hivyo kabla

Kuna watu wa kipato kidogo waliokwisha kulitatua jambo hili, kila mmoja kwa namna ya malipo yake. Huko Lancashire, Uingereza, katika karne ya 19, wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliunda vyama vya akiba ya likizo. Kila wiki, siku ya mshahara, senti chache ziliwekwa. Kiwanda kilipofungwa wiki moja ya kiangazi, akiba iligawanywa na mji mzima ukapanda treni kwenda pwani, wengi wao Blackpool. Haba na haba ilifaa kwa sababu mshahara nao ulikuja haba na haba.

Mfano ulio karibu zaidi na Newala ni wa Malaysia. Wakulima wa Kimalay walitamani hija, lakini fedha zao walizificha majumbani, na siku ya safari ilipofika wengi waliuza shamba au mifugo. Walirudi na heshima ya uhaji wakiwa hawana pa kulima. Mwaka 1959 mwanauchumi Ungku Aziz alipendekeza chombo maalumu cha akiba ya mahujaji, na mwaka 1963 kilianza kazi. Leo kinajulikana kama Tabung Haji. Siri yake ya kwanza haikuwa faida kubwa. Ilikuwa ni kwamba fedha ile ilikuwa na jina. Si rahisi kumwambia ndugu kwamba huna fedha wakati anajua umeuza korosho. Ni rahisi zaidi kumwambia kwamba ile ni ya hija, na haiguswi.

Kusini mwa Tanzania nako kuliwahi kuwa na akiba ya lazima ambayo hakuna aliyeiita akiba. Stakabadhi ghalani ilipoanza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, kwa sheria ya mwaka 2005, mkulima alilipwa kwa awamu. Malipo ya awali aliyapata alipokabidhi korosho, na ya pili korosho zilipouzwa. Awamu ya pili ilimkuta mkulima wakati ya kwanza imekwisha, na hivyo ingeweza kuwa kinga nzuri. Lakini aliyeishika alikuwa mtu mwingine, na ahadi haikutimia kila mara. Mwaka 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, malipo ya pili yalipokuja pungufu kulizuka ghasia na nyumba zikachomwa moto. Somo lake ni kwamba kugawa fedha katika mafungu ni sahihi, lakini mwenye kushika fungu la pili awe mwenye mali mwenyewe.

Pa kuweka

Kopo chini ya kitanda lilikuwa hasara ya wazi mwaka 1994, wakati mfumuko wa bei nchini ulipita asilimia 30. Mwaka 2024 mfumuko ulikuwa karibu asilimia 3, hivyo noti haizeeki kwa kasi ile. Adui wa kopo leo ni mkono, si mfumuko. Simu nayo ni kopo lenye namba ya siri, kwani fedha inayotoka kwa kubonyeza haiwezi kufika Juni.

Kinachofaa ni mahali penye mlango mzito kidogo, kama akaunti ya muda maalumu benki, chama cha kuweka na kukopa chenye hesabu zinazokaguliwa, au kikundi cha hisa kilichosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kuhusu vikundi kuna kosa moja linalorudiwa. Vingi huvunja sanduku na kugawana Desemba, kwa mazoea. Kwa watu wa korosho huo ni mwezi ambao fedha ipo tayari, hivyo maji mawili hukutana katika kibaba kimoja na yote humwagika ngomani. Kikundi cha Lukuledi kinapaswa kukusanya kuanzia Oktoba na kugawana Juni.

Juni ndiyo yenye maana pia kwa safari yenyewe. Shule zimefunga, mvua zimekwisha na barabara ya kupita Mingoyo, Lindi na Kilwa hadi Dar es Salaam ni ya kuaminika zaidi. Mapema Mei 2024, baada ya mvua za kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Wiki moja kati ya mpulizo mmoja wa salfa na mwingine inatosha kwenda na kurudi, mradi amebaki mtu wa kuangalia shamba.

Fedha ya nani

Wako watakaosema kwamba mkulima mdogo hana haki ya kufikiria matembezi kabla ya kuezeka bati. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fedha isiyokwenda matembezini ingekwenda kwenye bati. Inakwenda wapi, kila mtu wa Masasi anajua. Starehe tayari inanunuliwa kila Novemba na Desemba, lakini inanunuliwa na mtu mmoja, usiku, na watoto hawaioni.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Korosho huokotwa na mama na watoto, migongo imeinama, kisha huanikwa na kuchambuliwa nyumbani. Fedha huingia katika akaunti ya yule aliyeandikwa kwenye daftari la chama cha msingi, ambaye mara nyingi ni baba. Wako wanawake Lukuledi waliookota korosho kwa miaka 20 na hawajaiona bahari, ingawa mto wenye jina la kijiji chao unamwaga maji baharini pale Lindi. Mume anayemwambia mkewe kwamba kilo 150 ni za safari yao wote, na akaunti ikahitaji saini za wawili, amepata mlinzi wa fedha asiyelipwa posho. Mama huyo hatasahau hesabu. Watoto nao watauliza kila wiki.

Vyama vya msingi vinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Siku mkulima anapopeleka korosho, angeweza kujaza fomu ya kugawa malipo yake katika akaunti mbili, ya matumizi na ya akiba. Uamuzi huo ufanyike ghalani, mizani ikiwa mbele yake, kabla fedha haijafika mkononi. Fedha ikishafika, mjomba naye amefika.

Msimu unapokaribia, familia zenye nia ya safari zisisubiri kujua bei ndipo zipange. Bei hupangwa mnadani, wala mkulima haulizwi. Idadi ya kilo za kutenga inaweza kuamuliwa leo, baba na mama wakiwa wamekaa pamoja, kabla ganda la kwanza halijaanguka.