Cheti cha kuzaliwa cha Bart Simpson

Nilikuwa karani wa vizazi na vifo kwa miaka 29, na hadi leo nikisikia umri wa mtu lazima niuhakiki. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alipokuja likizo na kishikwambi kilichojaa katuni za The Simpsons, nilianza kutazama kama babu yake, nikamaliza kama karani.

Bart, mtoto mtundu wa familia hiyo, ana miaka 10. Alikuwa na miaka 10 tarehe 17 Desemba 1989, kipindi chao kilipoanza kusimama chenyewe kwenye televisheni ya Marekani, na anayo hiyohiyo leo, bado yuko darasa la nne. Hata enzi zetu za kukariri darasa hatukufika huko! Mama anayemtolea sauti tangu 1987, Nancy Cartwright, ni wa mwaka 1957 kama mimi. Mwalimu wa Bart, Bi. Krabappel, alishaondolewa hadithini baada ya kifo cha aliyekuwa sauti yake, 2013. Mtoto yuleyule, kaptula ileile.

Hapo sina ugomvi. Sungura wa bibi zetu hakuota mvi, na Abunuwasi hakuna aliyemdai cheti.

Ugomvi wangu unaanza pale waandishi walipotaja miaka wenyewe. Katika sehemu moja ya 1991, Homer na Marge, wazazi wa Bart, wanakutana sekondari mwaka 1974. Katika nyingine, Marge anapata mimba ya Bart mwaka 1980, ndoa inafungwa mbiombio. Mwaka 1992 tukaonyeshwa Lisa, mdogo wake Bart, akizaliwa 1984, wakati wa Olimpiki ya Los Angeles. Nilichukua kalamu: kutoka 1984 hadi 1992 ni miaka 8, na Lisa ana miaka 8. Safi. Hiyo ningeigongea muhuri bila kuuliza swali la pili.

Kisha ikaja Januari 2008. Homer na Marge ni vijana wasio na mtoto, miaka ya 1990, Homer anaimba kwenye bendi ya muziki wa grunge. Yaani wazazi wako kwenye uchumba miaka ileile tuliyokuwa tukimtazama mtoto wao akisumbua darasani.

"Babu, wameisogeza tu," mjukuu akanieleza. "Homer wa 1974 sasa angekuwa mstaafu kama wewe."

Haya, isogezwe. Na vita je? Mzee Abe, baba yake Homer, alipigana Vita vya Pili vya Dunia, vilivyokwisha 1945. Mwalimu mkuu Skinner alipigana Vietnam, na askari wa Marekani waliondoka kule 1973. Kwa hesabu hiyo Skinner amepita umri wa kustaafu zamani, lakini bado anamfukuza Bart kwenye korido na bado anakaa kwa mama yake. Wajukuu hawawezi kuisogeza Vietnam.

Kazini walikuja wazee wasiojua mwaka waliozaliwa. Hatukuwauliza mwaka, tuliwauliza matukio. Bibi mmoja aliniambia alivunja ungo mwaka ambao nzige walikula hadi makuti ya paa la baba yake. Nikawaweka nzige mahali pao, nikarudi nyuma, nikampata bibi. Ningewasogeza wale nzige, ningempoteza yeye, wadogo zake na wanawe wote.

Tena waandishi hawa wanasogeza kwa upendeleo. Apu wa dukani alioa 1997, mkewe akajifungua watoto wanane kwa mpigo 1999, na wale wanane wakakua hadi wakatembea. Maggie, kitindamimba wa Homer na Marge aliyekuwapo kabla ya harusi hiyo, bado ananyonya chuchu ya mpira.

Dawa yake ilikuwa rahisi: wangeandika "tulipokuwa vijana" wakaachana na 1974. Ukishaandika mwaka kwa wino, usirudi na kifutio.

Mjukuu akaomba kitambulisho changu. Akasoma: tarehe 1 Julai 1957.

"Ndiyo siku uliyozaliwa?"

Nikamwambia marehemu mama alisema nilizaliwa vuli, mvua ikivuja juu ya kitanda.

Akahesabu kwa vidole. "Babu, vuli ni mwezi wa saba?"

Nikamwambia aweke sehemu inayofuata.