Dawa inapopotea ndani ya nyumba

Kati ya maswali yote ninayouliza kliniki, lipo moja linalowashinda wagonjwa wengi: "Unatumia dawa gani?" Jibu nimelizoea. "Vile vidonge vyeupe, dokta. Vidogo. Vya presha." Vidonge vyeupe vidogo vimejaa duka zima la dawa. Nikiomba boksi au kadi, naambiwa vimebaki nyumbani, na huko nyumbani hakuna mwenye uhakika viko wapi.

Wapo watoa huduma wanaohitimisha haraka kwamba mgonjwa wa namna hiyo ni mkaidi na hazingatii masharti. Mimi sikubaliani nao. Wengi ninaowaona wanataka kupona, wametumia nauli na kupoteza kibarua cha siku nzima ili waje. Kinachowaangusha ni kwamba dawa haina mahali pake nyumbani. Leo iko juu ya friji, kesho ndani ya mkoba, keshokutwa mtoto ameikalia. Ugonjwa wa aina hii hautibiwi kwa kumgombeza mtu.

Chukulia presha ya kupanda. Kwa walio wengi haiumi wala haiwashi. Mwenye jino bovu hakumbushwi dawa, maumivu yanamkumbusha. Mwenye presha anaamka mzima, anakwenda shamba au sokoni, na kidonge kinasahaulika siku ya kwanza, ya pili, hadi wiki inaisha. Tunakuja kukutana wodini, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, familia imesimama pembeni inasema, "Lakini dawa zilikuwepo." Ni kweli, zilikuwepo kabatini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiitegemee kumbukumbu. Kifunge kidonge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kufikiri. Bibi anayeamka kuswali alfajiri hahitaji kengele, dawa yake ikae karibu na anapovulia miwani. Mwingine ataifunga kwenye mswaki, mwingine kwenye chai ya asubuhi. Muulize tu mfamasia kama dawa yako ina sharti la chakula, kwa sababu metformin ya kisukari, kwa mfano, hunywewa pamoja na mlo ili isisumbue tumbo. Na ukisahau dozi moja, usinywe mbili kwa pamoja kufidia.

Simu nayo husaidia, ila angalia saa yake. Simu nyingi husoma saa za Kizungu. Mzee akitegesha 2:00 akikusudia saa mbili asubuhi, italia saa nane usiku, iamshe nyumba nzima, na kesho yake ataizima moja kwa moja. Mtegeshee 8:00.

Suala hili la saa lina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye dawa ya mseto ya malaria. Dozi zake ni 6 kwa siku 3. Ya pili hutolewa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha zinazofuata kila baada ya saa 12. Sasa msikilize mama aliyeambiwa dirishani, kwenye foleni, mtoto analia mgongoni: "Ya pili mpe baada ya saa nane." Anachosikia ni "saa nane". Kama dozi ya kwanza ilikuwa saa nne usiku, ya pili ni saa kumi na mbili asubuhi. Yeye atasubiri saa nane mchana, yaani saa 16 zimepita, na vimelea vya malaria havimsubiri. Hakuna uzembe hapo. Lugha yetu inatumia neno moja kwa muda na kwa saa ya ukutani.

Dawa yake ni kalamu. Kabla hujaondoka dirishani, omba uandikiwe saa yenyewe: "kesho asubuhi saa 12". Hali kadhalika zile alama za kwenye bahasha. "1x3" maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, lakini nimekutana na aliyemeza vitatu kwa mkupuo. Andika juu ya boksi kwa maneno yako: asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku kimoja. Usione haya kurudia swali, foleni itasubiri.

Kwa wazazi, karatasi ninayoililia zaidi ni kadi ya kliniki ya mtoto. Humo mna uzito, chanjo, matone ya vitamini A, historia yote. Mtoto anapata chanjo anapozaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua miezi 9 na 18. Hizo za mwanzo hazina shida kwa sababu mama yuko kwenye mwendo wa kliniki. Ya miezi 18 ndiyo inayopotea: mtoto anatembea, mama amerudi kazini, kadi iko chini ya godoro. Piga picha kurasa zote za kadi kwa simu, na mtumie mtu mmoja unayemwamini. Na kama umechelewa, nenda hivyo hivyo. Chanjo alizokwisha kupata hazirudiwi kwa sababu ya kuchelewa, wataendelea alipoishia. Nawajua akina mama wanaokaa mbali na kliniki kwa kuogopa maneno ya muuguzi tu. Maneno yatapita, surua inaua.

Mtaniambia, dokta, sisi tunaishi watu sita chumba kimoja, kabati la dawa litoke wapi? Kabati si lazima. Msumari ukutani, juu kuliko mkono wa mtoto, mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua, na mfuko mmoja imara wenye zipu. Ndani yake weka kadi za kliniki, kadi ya bima kama mnayo, dawa zinazotumika sasa, na karatasi moja yenye jina la kila mtu, dawa anayotumia na dawa inayomdhuru. Siku ya dharura, hata usiku wa manane, unachomoa mfuko na kuondoka.

Mara moja kwa mwezi ufungueni. Nusu chupa ya antibayotiki ya maji iliyobaki tangu kikohozi cha Pasaka haifai kumpa mdogo mtu. Ikishachanganywa na maji ina siku chache tu. Na mkiwa kwenye shughuli hiyo, tazameni chini ya meza: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yamewaingiza wodini watoto wasio na kosa lolote ila kiu.

Limebaki moja, nalo nalielekeza kwa akina baba. Katika nyumba nyingi mpangilio wote huu unakaa kichwani mwa mwanamke mmoja. Mama akisafiri kwenda msibani siku nne, mtoto mwenye selimundu anakaa siku nne bila vidonge vyake vya foliki asidi na penisilini, si kwa kuwa baba hampendi, bali hajui vilipo wala kiasi chake. Leo usiku mwombe mkeo akuonyeshe ulipo mfuko, usome ile karatasi mbele yake, na dozi ya kesho asubuhi uitoe wewe.