Kabla ya Kufomati, Soma Meseji

Nitasema na wengine mtakasirika: programu ikikataa kuingia kwenye Linux, mara nyingi shida si Linux. Shida ni kwamba hakuna mtu amesoma kile kompyuta imesema.

Mtindo tunaujua. Umenunua lapi iliyotumika, Windows inaikaba, ukaweka Ubuntu. Unajaribu kuongeza programu, meseji ya Kizungu inajaa skrini, macho yanairuka yote. Unakopi amri ya kwanza unayopata mtandaoni, unapesti, unaweka paswadi. Ikikataa, unajaribu nyingine. Jioni unampigia fundi, fundi anafomati, picha zako zinaenda na hiyo maji. Kesho unatangaza ati Linux ni ya maprofesa.

Zii. Mimi niliacha chuo kikuu, digrii sina, na hizi meseji nazisoma. Zenyewe ni zilezile zinarudi.

"dpkg was interrupted": hii huja stima ikipotea programu ikiwa katikati ya kuingia, ama ukizima mashine kwa nguvu. Cha kuchekesha, meseji yenyewe inakuandikia dawa: sudo dpkg --configure -a. Jibu liko hapo kwa skrini, na bado mtu anafomati.

"Could not get lock": fikiria choo cha ploti. Mtu ako ndani. Ubuntu hujisasisha yenyewe kimyakimya, na ikiwa kazini inafunga mlango. Ngoja dakika chache. Kuna watu watakuambia ufute hilo faili la kufuli. Hiyo ni kuvunja mlango na mwenyewe bado ako ndani.

"Unable to locate package": ama umekosea herufi za jina, ama orodha yako ya programu imezeeka. Anza na sudo apt update.

"No space left on device": diski imejaa, tu. df -h itakuonyesha wapi.

Umeona hata moja inayohitaji kufomati?

Na usidhani hii ni shida ya wageni pekee. Mwaka wa 2021, Linus Sebastian wa Linus Tech Tips (si Linus Torvalds aliyeanzisha Linux) alikuwa anaweka Steam kwenye Pop!_OS. Duka la programu likakataa, akaenda kwa terminali. Terminali ikamwonya kwamba vitu muhimu vitatolewa, na kama kweli anataka, aandike "Yes, do as I say!" Akaandika. Eneokazi lote likatoka, akabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Mamilioni wanamfuata kwa mambo ya kompyuta.

Tuwe wa haki: siku hiyo kifurushi cha Steam kilikuwa na kasoro, na baadaye watengenezaji walikirekebisha, hata apt yenyewe ikafanywa iwe ngumu zaidi kujiharibu hivyo. Kwa hivyo ndio, Linux pia hukosea. Na ndio, meseji zake zimeandikwa kama barua ya wakili. Lakini onyo lilikuwa pale, kabla ya kubonyeza.

Ndio maana nakataa hii tabia ya kupesti tu. Neno sudo si pambo la mbele ya amri. Ni kumpa mtu ufunguo wa nyumba yote, kuanzia jikoni hadi chumba cha kulala. Mgeni wa mtandaoni usiyemjua hata jina humpi ufunguo wa keja yako, si ndio?

Fanya hivi. Programu ikikataa, tulia. Tafuta mstari unaoanza na E: ama Error: maana apt huweka kosa hapo, W: ama Warning: ni onyo tu. Usome pole pole, hata kama Kizungu chake kinakukwaza. Ukitafuta msaada, tafuta kwa mstari huo huo pamoja na toleo la Ubuntu yako, si "Linux imekataa". Amri ukiipata, jua kila neno linafanya nini kabla ya kubonyeza. Ikikuletea orodha ya vitu vya kutolewa, isome yote.

Fundi ana kazi yake, na siku diski ikikufa utamhitaji. Lakini kumlipa akusomee mistari miwili, hapana.