Pima Mzigo Kwanza, Ndipo Upime Pikapu

Wakulima wenzangu,

Siku ya soko, mtu akisimama nje ya ofisi yetu ya kilimo huku Kinangop atasikia mabishano ya namna moja. Huyu asema Toyota Hilux haifi. Yule asema Isuzu D-Max ndiyo yenye nguvu mlimani. Wa tatu asifu Ford Ranger kwa uzuri wake. Wa nne, mzee, asema tangu Peugeot 504 ilipoondoka hakuna gari tena. Mimi huwa ndani nikiandika majina ya watu wa mbolea, na kwa kuwa dirisha liko wazi nasikia yote. Lakini tangu nilipoanza kazi katika meza ile sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza hivi: "Je, mimi nina mzigo kiasi gani, na kwa siku ngapi katika mwaka?"

Hilo ndilo swali la kwanza. Wengi wetu hulifikia mwisho, gari likiwa uani na deni likiwa benki.

Nisije nikadhaniwa nawacheka wengine, nitaanza na nyumba yetu. Babu yangu alipata shamba lake mwaka wa 1964, katika ule Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza mwaka wa 1962. Alilipa deni la shamba kwa maziwa na pareto, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Hati ilipotoka aliitia ndani ya mkebe wa majani ya chai, akauweka juu ya kabati. Miaka michache iliyopita ndugu yangu mkubwa aliitoa hati ile, akaiweka dhamana ya mkopo, akanunua pikapu ya kebini mbili iliyokwisha kutumika ng'ambo. Lilikuwa gari zuri. Hata mimi nililipanda kwenda harusini, wala sikuuliza neno.

Mwaka wa pili injini ilianza kukata njiani. Gari lilikaa kwa fundi majuma matatu likingoja spea, na kabeji zetu zikaozea shambani. Ndipo nikamwomba ndugu yangu tuhesabu pamoja siku ambazo gari lile lilikuwa limebeba mzigo wa kweli wa shamba kwa mwaka mzima. Zilikuwa siku 31. Siku nyingine zote lilibeba watu, salamu na matope. Ili kumaliza deni tuliuza ng'ombe watatu kati ya watano. Hati imerudi mkebeni, lakini ng'ombe hawakurudi.

HESABU YA MTU MMOJA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tuchukue daftari. Hesabu nitakayoitoa ni mfano tu. Wewe weka bei zako mwenyewe.

Tuseme umenunua pikapu kwa shilingi 2,000,000, na baada ya miaka 5 ukaiuza kwa shilingi 1,200,000. Imekula shilingi 800,000, yaani 160,000 kila mwaka, hata kama imesimama chini ya mti. Ongeza bima, tairi, mafuta ya injini na fundi, tuseme shilingi 140,000 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 300,000, na bado hujatia dizeli wala hujalipa riba ya mkopo.

Sasa tuseme kukodi gari la jirani kwa safari moja ni shilingi 5,000, na dizeli ya safari ile ile kwa gari lako ingekuwa shilingi 1,500. Kwa kila safari gari lako lakuokolea shilingi 3,500. Gawanya 300,000 kwa 3,500. Utapata karibu safari 86. Mwenye safari chache kuliko hizo katika mwaka anapata hasara kwa kumiliki gari, na riba itazidisha hasara hiyo. Mwenye safari nyingi zaidi ana haki ya kwenda kutazama magari.

Fikiri pia aina ya mzigo wenyewe. Maziwa lita 40 kwa siku ni mkebe mmoja usiojaa. Hayo ni mzigo wa bodaboda au wa mkokoteni wa punda, na chama cha ushirika mara nyingi hupita barabarani kuyachukua. Mbolea huja mara mbili kwa mwaka. Viazi vinapokuwa tayari huwa vingi kwa siku chache, na siku hizo hata pikapu haitoshi; hutafutwa lori. Mkulima wa ekari 10 anayetazama daftari lake kwa uaminifu ataona ya kwamba siku zake za mzigo ni chache kuliko alivyodhani.

IKIWA HESABU IMEKUBALI

Sasa nasema na yule ambaye hesabu yake imekubali. Yafaa atazame mambo matano, na jina la gari si la kwanza kati yake.

La kwanza ni kitanda cha mzigo. Pikapu nyingi za kimo hiki hubeba kama tani moja, na uzito wa watu walio ndani umo katika tani hiyo. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zimeweka gunia lisizidi kilo 50. Basi tani moja ni magunia 20, wala si lumbesa. Pikapu ya kebini moja ina kitanda cha mita 2 na zaidi. Ya kebini mbili ina kama mita moja na nusu, na ukipakia watu wazima watano umekwisha kula zaidi ya kilo 300. Kwa hiyo mwenye kununua kebini mbili amenunua gari la jamaa. Si dhambi, kwa maana watoto na wazee nao husafiri. Lakini aliite kwa jina lake, asiliandikie shamba gharama hiyo.

La pili ni springi za nyuma. Springi za majani huvumilia mzigo na mashimo, na fundi wa sokoni aweza kubadili jani moja lililovunjika. Baadhi ya pikapu, kama Nissan Navara ya kebini mbili iliyotolewa mwaka wa 2014, zilipewa katika nchi nyingi springi za mviringo nyuma. Hizo huwapendeza abiria, lakini abiria si viazi.

La tatu ni injini. Hapa ndipo wengi hudanganyika kwa nguvu. Ford Ranger iliyotoka mwaka wa 2011 ilikuwa na injini za dizeli za lita 2.2 na lita 3.2. Isuzu D-Max ya miaka hiyo ilikuwa na lita 2.5 na lita 3.0. Kwa magunia 20 hadi sokoni, injini ndogo katika hizo yatosha. Jambo kubwa zaidi ni usafi wa dizeli. Injini za siku hizi hupuliza dizeli kwa nguvu nyingi sana kupitia matundu membamba mno, na maji au taka kidogo tu ya kwenye jerikeni huziharibu nozeli zake. Ndiyo iliyoiua ile yetu. Nunua dizeli kwenye kituo kinachoaminika, badili chujio kwa wakati, wala usinunue ya kando ya njia kwa sababu imepungua shilingi chache.

La nne ni spea na fundi. Toyota ilianza kuunda Hilux mwaka wa 1968, na D-Max ilianza mwaka wa 2002. D-Max huunganishwa hapa hapa Nairobi na kampuni ya Isuzu East Africa, iliyoitwa General Motors East Africa hadi mwaka wa 2017. Magari haya mawili ni mengi nchini, basi spea zake ni nyingi na mafundi wamezizoea. Sisemi mengine ni mabaya. Nasema kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wa soko lako, si wa Nairobi, umwulize maneno matatu: Umekwisha kufungua injini hii? Spea zake hupatikana kwa siku ngapi? Ni nani hapa mwenye gari kama hili nikamwone? Akisitasita, na wewe usite.

Tena kumbuka ya kwamba sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Watu husikia hivyo wakadhani kila linaloingia ni changa. Gari la miaka 7 limekwisha fanya kazi ya miaka 7, hata likipakwa rangi mpya.

La tano ni magurudumu. Udongo wetu mweusi wa mwezi wa Aprili twaujua. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne husaidia, lakini lina bei kubwa na vyuma vingi vya kutengenezwa. Zile Peugeot 404 na 504 ambazo wazee wanazililia zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na viazi vilifika. Pikapu tupu huteleza kwa sababu nyuma yake ni nyepesi. Tia mifuko michache ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma, na ununue tairi zenye meno mazuri. Ikiwa matope yanakufunga siku kumi kwa mwaka, hizo zatosha. Ikiwa yanakufunga miezi mitatu, hapo nunua la magurudumu manne bila kujilaumu.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua nitaambiwa, "Karani, mgonjwa akizidiwa usiku utamwambia angoje hesabu?" Ni neno zito, nami silipuuzi. Lakini kwa hilo si lazima kila boma liwe na gari. Nyumba nane za mstari mmoja zaweza kuwa na gari moja, lenye dereva anayejulikana na daftari la safari.

Wengine husema, "Nitabebea majirani, gari lijilipe." Vyema, lakini soma bima yako kwanza. Bima ya kubeba mali yako mwenyewe si sawa na bima ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Ajali ikitokea na bima si ya kazi hiyo, utalipa wewe. Wala usiweke watu juu ya magunia. Mtu si mzigo.

Na wengine hawasemi, ila nawajua: pikapu uani ni heshima. Nami nakubali ya kwamba mkulima astahili heshima. Lakini tazameni ilikotoka heshima ya wazee wetu. Walipopewa mashamba haya walikuwa na deni, jembe na ng'ombe wachache. Hawakutambulikana kwa magari. Walitambulikana kwa sababu walimaliza deni, na hati ikawa yao.

Basi nawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kwenda kwa mwenye kuuza magari, na kabla ya kuitoa hati mahali ilipo, chukua daftari la mtoto wa shule. Kwa miezi mitatu andika kila safari ya mzigo: tarehe, kitu, kilo, na ulilipa nini. Usiache msimu wa mavuno nje. Kisha zidisha kwa nne, ulinganishe na hesabu niliyoonyesha hapo juu. Bei ya dizeli utaisikia tarehe 14 ya kila mwezi inapotangazwa. Asiyeweza kufanya hesabu na alete daftari ofisini, tutaifanya pamoja bila malipo.

Daftari likisema nunua, nunua, nami nitafurahi kukuona ukipita na magunia 20 barabara. Likisema ngoja, ngoja. Ng'ombe wako watakuwa bado zizini.

Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kinangop