Masafa ya Bagara hadi Amsterdam
Safu ya kila wiki ya Athumani Bura

Mtu akiuliza ni masafa gani yaliyopo baina ya kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro (KIA) na kile cha Amsterdam, hujibiwa kwamba ni kilomita 6,900 hivi, nayo ndege kubwa huyakata kwa muda wa saa nane na nusu. Na jawabu hilo, ijapokuwa ni sahihi kwa hesabu ya ramani, halimtoshelezi mzazi wa Bagara, hapa Babati, anayempeleka mwanawe masomoni Ulaya, maadamu hakuna abiria aishiye kiwanjani, wala ndege haifuati daima mstari ulionyooka. Kwa miaka mingi ndege ya KLM itokayo Uholanzi imekuwa ikitua KIA, kisha ikielekea Dar es Salaam kabla ya kurejea kwao, hata abiria wetu akaianza safari ya kaskazini kwa kupelekwa kusini-mashariki kilomita 450, ndipo akazikabili nyingine 7,300. Ziada hiyo, yapata kilomita 850, inaupita mwendo wa basi kutoka stendi yetu hadi Dar es Salaam kwa njia ya Dodoma.

Tena kuna barabara. Kutoka hapa hadi Arusha ni kilomita 170 hivi, na hadi KIA huongezeka 50. Ukijumlisha saa za njiani na zile tatu za kungojea mizigo na ukaguzi, abiria huwa amekwisha kutumia muda unaokaribia ule wa kuruka moja kwa moja hadi Ulaya, naye angali ardhini.

Linalonisikitisha hasa ni tikiti. Nimeishika ya binti wa jirani yangu, imeandikwa Jumatano, 02:40. Mama yake, mtu makini katika mambo yake yote, aliisoma kuwa ni saa mbili na dakika arobaini za usiku, akapanga waondoke Jumatano alfajiri; kumbe ndege ilikuwa ya saa nane na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumatano, na lau mwalimu mmoja asingaliitazama karatasi ile, ada na viza vingalipotea bure. Wakala aliyeiuza alisema kwamba kusoma tikiti ni jukumu la mteja.

Kauli hiyo siikubali hata kidogo. Anayepokea mamilioni ya shilingi kutoka kwa mkulima aliyeuza mbaazi zake anawajibika kumwandikia, kwa Kiswahili na kwa saa zetu, usiku wa kuamkia siku gani, ndege itatua wapi katikati, saa ya kufika ni ya nchi ipi, kwani Uholanzi iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na mbili wakati wa baridi, na basi la mwisho la kumfikisha kwa wakati linaondoka Babati saa ngapi.